Mkasi wa Bibi wa Miaka 72

Nilipoacha chuo nikiwa na miaka 21, shangazi alinipigia simu. "Sasa wewe utaanza maisha lini?" Sikuwa na jibu. Siku hizi nikilikumbuka swali lile, humfikiria bibi mmoja Mwingereza na mkasi wake.

Mary Delany alizaliwa mwaka 1700. Akiwa na miaka 17, familia ilimwoza mbunge aliyekaribia miaka 60. Mzee akafa, akamwacha mjane kijana na pesa kidogo. Mwaka 1743 akaolewa tena, safari hii kwa kupenda kwake, na kasisi wa Ireland. Naye akafariki 1768.

Kwa hesabu ya watu, hapo mama amemaliza. Lakini mwaka 1772, akiwa mgeni nyumbani kwa rafikiye, mjane wa Duke wa Portland, aliona karatasi nyekundu yenye rangi ileile ya ua la jeraniamu. Akachukua mkasi, akaanza kukata petali. Rafikiye alipoingia alidhani anaharibu ua lenyewe.

Enzi hizo karatasi haikuwa kitu cha kutupa ovyo. Ulaya waliitengeneza kwa matambara, laha moja moja, kwa mkono. Delany alizipaka rangi baadhi yake mwenyewe, akakata vipande vingine vyembamba kama uzi, kisha akavibandika juu ya karatasi nyeusi. Pale ambapo mchoraji angeweka kivuli kwa brashi, yeye aliongeza karatasi juu ya karatasi. Ua moja lingeweza kula mamia ya vipande. Na si pambo tu: Joseph Banks, bingwa wa mimea, aliamini angeweza kuueleza mmea kwa kuangalia kazi yake peke yake.

Alitengeneza 985 ndani ya miaka kumi, hadi macho yakamkatalia mwaka 1782. Leo maua hayo yako British Museum, London.

Watu hupenda kusema alianza akiwa na miaka 72. Mimi naona si kweli. Tangu usichana alikuwa akidarizi, akichora, akikata karatasi, bila yeyote kuiita kazi. Mikono yake ilikuwa shuleni muda wote huo. Ile karatasi nyekundu ilimkuta tayari.

Shangazi akipiga tena, nitamwambia nilishaanza kitambo.