Barua zilizopotea na kazi ya karani wa posta

Watu wengi husema kazi ya karani wa posta ni kazi ndogo: kupokea barua, kupiga muhuri, kufunga mfuko, basi. Lakini sisi wa Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, tunayo sababu ya kuiheshimu zaidi, kwa maana inchi yetu iliona zamani taabu ya mtu anayeandika pahali pasipo posta.

Mtu yule ni Livingstone. Alifika Kabambare mwezi wa Septemba 1869. Katika vitabu vyake aliandika Bambarre. Tangu Julai 1870 hata Februari 1871 alikaa pale, vidonda vya miguu vikimzuiza kwenda mbele. Tarehe 4 Februari 1871 akapata habari ya watu 10 waliotumwa kwake toka pwani. Walileta barua ngapi? Moja tu. Barua 40 zilikosekana.

Kwa nini barua zilipotea siku zile? Njia ndefu, magonjwa na vita vilikuwa sababu, lakini si sababu zote. Huko Ujiji, mwaka 1869, tajiri Said bin Habib aliwakataza watu wake wasichukue barua za Livingstone, akiogopa matendo yake yasijulikane pwani. Tena mfuko wa barua wa tarehe 1 Novemba 1870, uliotoka Unguja, ulikawia Bagamoyo, ukakawia tena Unyanyembe, hata Stanley akaupeleka mwenyewe Ujiji mwisho wa mwaka 1871. Mchukuzi akitaka, barua ilifika. Asipotaka haikufika, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Sasa tunafahamu kazi ya karani. Muhuri wake unaonyesha pahali na siku. Kitabu chake kinahesabu barua za kuandikishwa, naye anayeipokea anatia sahihi. Hivi barua ikipotea, twaweza kutafuta ilipotelea mkononi mwa nani. Kwa mapatano ya namna hiyo Congo iliingia katika Umoja wa Posta wa dunia mwaka 1886.

Lakini kazi hiyo ina majaribu yake. Patrice Lumumba alisomea posta Léopoldville mwaka 1947, akawa karani Stanleyville; mwaka 1956 akafungwa kwa shauri la feza za posta, mbele ya kuwa Waziri Mkuu wa kwanza mwaka 1960. Meza ya posta inapima watu wakubwa na wadogo.

Tena kuna siri. Tarehe 5 Februari 1871, siku moja baada ya habari ile, Livingstone alimwandikia rafiki yake Horace Waller toka Kabambare, akamwambia kwamba maneno mengine ni ya macho yake peke yake. Wino ulififia, na wataalamu waliyasoma tena mwaka 2010 kwa msaada wa mianga ya rangi mbalimbali. Leo Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu 31, inalinda siri ya barua. Hata hivyo, anayeshika barua ni mtu, si Katiba.

Basi, ndugu katekista, na wewe mseminari unayerudi likizo, mkipewa barua ya kupeleka kijiji kingine, jueni kwamba siku ile ninyi ndio makarani wa posta. Zihesabuni, zifikisheni, msizifungue.