Stenti

Neno hili lilianzia kinywani. Mwaka 1856 Charles Stent, daktari wa meno wa London, aliboresha mchanganyiko wa kuchukulia umbo la meno. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mpasuaji Mholanzi Johannes Esser akautumia kushikilia ngozi ya kupandikiza, na jina likahama naye. Leo stenti ni kifaa cha kuweka njia wazi mwilini.

Kwa mfano, mfereji wa nyongo ukizibwa na uvimbe, macho huwa manjano na ngozi huwasha. Daktari hupitisha stenti kwa endoskopi, kutoka kinywani hadi kwenye utumbo mwembamba, kisha huipenyeza kwenye mfereji ili nyongo ishuke. Ya plastiki ni nyembamba, kama milimita 3. Bakteria hujenga utando ndani yake, ikaziba baada ya miezi michache. Ikabuniwa ya waya inayojitanua hadi milimita 10. Uvimbe nao ukapenya kwenye matundu! Ikavikwa utando, lakini iliyovikwa huteleza zaidi.

Wapo wanaotaka tuseme “mrija” tu. Siafiki: mrija ni hata wa kunywea soda. Tuandike stenti, ngeli ya I-ZI: stenti imeziba, stenti zimeziba.