Yangeyange, Kofia na Kamera



Sisi tunaoshona tunajua kuwa kila pambo lina lilikotoka. Leo tuzungumzie pambo moja lililotamba Ulaya na Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na vipi picha za ndege zilivyosaidia kuliondoa.

Pambo hilo ni manyoya ya yangeyange, jamii ya wale ndege weupe tunaowaona kwetu mabondeni kwenye mpunga na nyuma ya ng'ombe. Baadhi ya aina zao, ukifika msimu wa kutaga, huota manyoya marefu mgongoni, mepesi kama nyuzi za hariri. Washonaji kofia wa London, Paris na New York waliyagombania, hadi kwa uzito bei yake ikaipita dhahabu. Mwaka 1886 mtaalamu wa ndege Frank Chapman alitembea mitaa ya maduka ya New York akihesabu kofia za wanawake. Katika kofia 700, zenye manyoya zilikuwa 542.

Tatizo ni kwamba manyoya hayo huota wakati ule ule ndege ana makinda. Wawindaji waliwapiga risasi wazazi, wakachukua manyoya, na makinda yakabaki kiotani yakifa kwa njaa. Bibi aliyenunua kofia hakuona lolote kati ya hayo. Yeye aliona kitu cheupe, kisafi, kizuri.

Wanawake wenyewe nao walisimama. Mwaka 1889 Emily Williamson wa Manchester, Uingereza, alianzisha chama, na wanachama wake waliahidi kutovaa manyoya ya ndege asiyeliwa, isipokuwa mbuni. Lakini fasheni haikusikia nasaha. Mtu huambiwa akasahau.

Mwaka 1906, huko Australia, A. H. E. Mattingley alikwenda na kamera yake kwenye msitu wa mto Murray uliojaa maji, ambako yangeyange walikuwa wakitaga juu ya miti mirefu. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito, na ilibidi kupanda nayo mtini. Aliwapiga picha ndege wakilea. Aliporudi tena, aliwakuta wazazi wameuawa, na makinda yanalia kwa njaa. Hayo nayo akayapiga picha.

Picha zile zilifika Uingereza. Mwaka 1911 chama kile kilizikuza, kikawalipa wanaume wazibebe kifuani na mgongoni wakipita mitaa ya maduka ya London. Bibi aliyetoka kununua kofia sasa alikutana uso kwa uso na kinda lililokosa mama. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini mwaka 1921 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia manyoya hayo kuingizwa nchini.

Kwetu sisi Waislamu hili si geni. Katika Abu Dawud imepokewa kuwa masahaba walichukua makinda ya ndege, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) alipoona aliuliza nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamrisha arudishiwe.

Basi maharusi wetu, kujipamba ni halali na tunakupendeni mkipendeza. Fundi akikuleteeni shada au kofia yenye manyoya, muulizeni yametoka wapi. Na mkienda bustanini au shamba kupiga picha, mwambieni mpiga picha asikurupushe ndege ili waruke nyuma ya shela, wala asikate tawi lenye kiota kwa kuwa linaziba mwanga. Asogee nyuma, avute kwa lenzi, asubiri. Ndege akizoea, atakuja mwenyewe, na picha itakuwa nzuri zaidi.

Wabillahi tawfiq.