Urithi Unaokwenda: Matumaini ya Umma na Reli ya Mbao ya Margate

Mnamo Januari 2003 mmiliki wa Dreamland, uwanja wa burudani ulioko Margate katika pwani ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, alitangaza nia ya kuufunga. Kampeni ya kuuokoa ilianza mwezi huohuo. Kwa mtazamaji wa mbali, ghadhabu iliyozuka huenda ikaonekana kubwa kuliko jambo lenyewe. Uwanja ulikuwa umechakaa, mji umefukarika, na wageni wa kiangazi walikwisha kuhamia Hispania tangu safari za ndege za bei nafuu ziliposhika kasi. Ni biashara ngapi za namna hiyo zimekufa bila kuliliwa na mtu? Lakini ndani ya uwanja ule mlikuwa na Scenic Railway, rola kosta ya mbao iliyofunguliwa tarehe 3 Julai 1920, na kwayo watu wa Margate hawakuwa tayari kusikia hoja za soko.

Makala haya yanadai kwamba tumaini la umma la kufufua chombo kama hiki halieleweki likiitwa hamu ya zamani tu, wala halihudumiwi ipasavyo na sheria zilizotungwa kwa ajili ya kuhifadhi majengo. Umma unatamani mwendo; sheria inalinda umbo. Kati ya viwili hivyo kuna kazi ya mikono ya kila siku, pamoja na gharama yake, na ni katika pengo hilo ambamo kampeni nyingi hushindwa hata baada ya kutangaziwa ushindi.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu wanaoandika kuhusu urithi mara nyingi hukipita haraka. Mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua Coney Island, New York, reli ya mchezo ambayo mabehewa yake yaliteremka kwa mwendo usiozidi sana kilomita 10 kwa saa, kwa nauli ya senti 5. Faida ilikuwa kubwa, na miundo yake ikaboreshwa na kuenea. Mfanyabiashara Mwingereza John Henry Iles alipata haki za kuijenga Ulaya, akainunua ardhi ya Margate mwaka 1919, na mwaka uliofuata Dreamland ikawa na reli yake. Kamba ya chuma huivuta treni hadi kileleni, kisha uzito wake wenyewe huifanyia kazi iliyobaki. Tofauti na rola kosta za baadaye, treni ya aina hii haina magurudumu ya chini yanayoishika reli isiruke, na njiani hakuna breki. Breki imo ndani ya treni, na pamoja nayo yumo mtu: mshika breki, anayesafiri na abiria na kuamua, kwenye kila mteremko, kiasi cha kuiachia.

Uamuzi huo haumo katika mchoro wowote. Treni iliyojaa watu wazima haikimbii sawa na iliyobeba watoto watatu. Reli yenye unyevu si reli kavu. Mbao za asubuhi ya baridi si mbao za alasiri ya jua kali. Mshika breki hujifunza hayo kwa mwenzake aliyemtangulia. Kwa hiyo, tukiuliza urithi wa Scenic Railway uko wapi, jibu la kwanza, nadhani, liwe kwenye mkono wa huyo mtu, na la pili kwa maseremala wanaopita juu ya reli kabla ya abiria wa kwanza wakitafuta ubao uliolegea. Mbao zenyewe zaja baada ya hao. Moto uliunguza sehemu ya reli mwaka 1949, ukaunguza tena mwaka 1957, na kila mara ilijengwa upya ikaendelea kuitwa jina lilelile. Mwenyeji wa pwani yetu hahitaji kufundishwa hili: paa la makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache na nyumba hubaki ya babu.

Nadharia ya uhifadhi ilichelewa kufika hapo. Mkataba wa Venice wa 1964 uliuheshimu mno mfumo wa asili wa mawe na mbao kama shahidi wa historia. Ilibidi kungoja Waraka wa Nara wa 1994, uliozaliwa Japani ambako mahekalu ya mbao hukarabatiwa kwa kubadilishwa vipande, ili kukubalike rasmi kwamba uhalisi waweza kukaa pia katika matumizi, ufundi na mapokeo. Lakini waraka ni kitu kimoja na sheria ya wilaya ni kingine.

Mwaka 2002, kabla hata tangazo la kufungwa halijatolewa, Scenic Railway iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya majengo yenye thamani ya kihistoria, daraja la II, ikiwa mchezo wa kwanza wa uwanja wa burudani kupewa hadhi hiyo Uingereza. Mwaka 2011 ilipandishwa hadi daraja la II*. Hadhi hiyo humzuia mwenye mali asibomoe bila kibali, na zipo njia za kisheria za kumshurutisha azuie jengo lisianguke. Hakuna kifungu kinachomlazimisha awashe mota. Hivyo katikati ya muongo ule treni ilisimama, kihalali kabisa, huku muundo wake ukilindwa na dola. Tarehe 7 Aprili 2008 moto ulioshukiwa kuwa wa makusudi uliteketeza takribani robo ya muundo. Chombo chenye watu kila siku hakichomwi kirahisi. Chombo kilichofungiwa nyuma ya uzio, chenye hadhi na kisicho na mshika breki, ni kuni zinazongoja kiberiti.

Sisemi kwamba kuorodheshwa hakukufaa kitu. Bila hadhi ile, ardhi ingekuwa nyepesi mno kuuzika, na Halmashauri ya Wilaya ya Thanet, ilimo Margate, isingekuwa na hoja nzito ya kuomba amri ya kuitwaa kwa lazima. Amri ilithibitishwa na serikali mwaka 2012, na mwaka uliofuata halmashauri ikaingia uwanjani kama mmiliki. Mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa ulikwisha kuahidi pauni milioni 3. Dreamland ikafunguliwa tena Juni 2015, ikiwa imepambwa upya chini ya mbunifu Wayne Hemingway. Scenic Railway, iliyokuwa sababu ya yote hayo, haikuwa tayari siku hiyo. Ilianza kubeba abiria Oktoba, msimu wa pwani ukiwa umekwisha. Na kabla mwaka haujatimia tangu kufunguliwa, kampuni iliyokabidhiwa kuuendesha uwanja ikawa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi.

Mtu anaweza kuusoma mfululizo huo kama bahati mbaya. Mimi nausoma kama matokeo ya namna fedha zilivyopangwa. Fedha za urithi hutolewa kwa tukio: kukarabati, kuzindua, kukata utepe. Matengenezo hayana utepe. Msimu wa baridi wa tatu baada ya uzinduzi hakuna waziri anayekuja kupigwa picha na fundi anayebadilisha misumari.

Coney Island yenyewe, iliyozaa mchezo huu, inaonyesha jinsi njia zinavyoweza kutofautiana ndani ya mtaa mmoja. Thunderbolt, rola kosta ya 1925, ilisimama mwaka 1982 na ikaachwa imezingirwa na magugu hadi serikali ya jiji ilipoibomoa Novemba 2000; miaka mitatu baadaye baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho liliona kwamba ubomoaji ule haukuwa na uhalali, jambo lililomfariji mwenye mali lakini halikurudisha hata ubao mmoja. Parachute Jump, mnara wa mita kama 80 uliojengwa kwa Maonyesho ya Dunia ya 1939 na kuhamishiwa ufukweni 1941, ulipewa hadhi ya alama ya jiji mwaka 1977, ukanyang'anywa mwaka huohuo, ukarudishiwa 1989. Leo umepakwa rangi vizuri na huwaka taa usiku. Haumshushi mtu yeyote tangu miaka ya 1960. Kila mwavuli wake ulihitaji waendeshaji watatu wa kamba, na hakuna hadhi inayolipa mishahara ya watu hao. Wapo wanaoutaja mnara huo kama ushindi wa uhifadhi. Kwangu ni sanamu ya mchezo, nzuri kwa kadi za posta.

Cyclone, rola kosta nyingine ya Coney Island, ilikwenda njia nyingine. Ilifunguliwa 26 Juni 1927 mahali palepale palipokuwa na reli ya kwanza ya Thompson. Jiji liliinunua mwishoni mwa miaka ya 1960 likikusudia ardhi itumiwe kupanua makumbusho ya samaki, umma ukapinga, na mwaka 1975 ikakodishwa kwa wenye uwanja wa jirani, Astroland, walioikarabati na kuirudishia abiria. Hadhi ya alama ya jiji ilikuja 1988, ya kitaifa 1991. Mfuatano huo ndio wa kuzingatiwa: kwanza ilikwenda, kisha ikaheshimiwa. Astroland ilipofungwa mwaka 2008, Cyclone haikufa nayo, maana mali ilikuwa ya umma na mwendeshaji ni mpangaji anayeweza kubadilishwa. San Diego ilikaribia kufuata mkondo wa Thunderbolt: rola kosta yake, Giant Dipper ya 1925, ilifungwa 1976, kamati ya raia ikazuia isibomolewe, na ilichukua hadi Agosti 1990, na zaidi ya dola milioni 2, treni kuteremka tena. Katika miaka hiyo 14 chombo kilipewa vyeti vya heshima. Kilichokosekana ni mtu wa kukiendesha.

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu halitoki kwa wahifadhi wa mbao; linatoka kwa wanaouliza kwa nini mji maskini utumie fedha za umma kwa mchezo. Thanet ni miongoni mwa wilaya zenye dhiki kubwa zaidi Kent. Tena tangu jumba la sanaa la Turner Contemporary lifunguliwe mwaka 2011, Margate imevutia wahamiaji kutoka London wenye uwezo wa kununua nyumba ambazo mwenyeji hazimudu tena, na ni rahisi kuona Dreamland ikiwa pambo la mauzo hayo. Laurajane Smith, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu matumizi ya urithi, ameonyesha jinsi usemi wa wataalamu unavyoteua kilicho kizuri na cha kale kwa niaba ya wengine. Je, rangi za kisasa za Dreamland iliyofufuliwa hazikuwa uteuzi wa namna hiyo?

Kwa sehemu, ndiyo. Lakini pingamizi hili linagusa pambo, haligusi chombo. Scenic Railway haikuwahi kuwa mali ya wenye nacho. Ilikuwa starehe ya wafanyakazi wa viwandani na bandarini waliofika kwa treni kutoka London, familia nzima, kwa siku moja. Kumbukumbu inayodaiwa ni ya tabaka ambalo majumba yake hayaorodheshwi. Mwandishi Svetlana Boym alitofautisha hamu inayotaka kuijenga upya nyumba iliyopotea na hamu inayotafakari tu juu ya kupotea kwake. Watetezi wa Margate, naona, hawaingii vizuri katika upande wowote. Hawakutaka 1920 irudi. Walitaka watoto wao wapige mayowe pale walipopigia wao. Hilo ni dai la wakati ujao, na linaweza kupimwa kwa ajira: maseremala, mafundi mitambo, washika breki, vijana wa tiketi.

Tusidhani ni ugonjwa wa Waingereza peke yao. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililomo humo, iliporomoka Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, ukarabati ukiwa umecheleweshwa miaka mingi. Jengo lile hata halihitaji kukimbia. Linahitaji kusimama tu.

Ikiwa hoja hii inakubalika, basi madai ya kampeni yabadilike. Badala ya kuomba hadhi kwanza na kutumaini kwamba mengine yatafuata, iombwe kwanza mali iwe ya umma, mkataba wa kukodisha uwe na sharti la idadi ya chini ya siku za kuendesha kila msimu, na kila tiketi ikatwe sehemu iende kwenye mfuko wa mbao usioguswa kwa matumizi mengine. Mafunzo ya mshika breki yalipwe kama mafunzo ya fundi yeyote wa ufundi adimu. Wafadhili hawatapenda, kwa sababu hakuna siku ya uzinduzi katika mpango huo. Luna Park ya Melbourne ina reli ya mbao ya mwaka 1912, inayotajwa kuwa rola kosta ya zamani zaidi duniani inayofanya kazi mfululizo, na mshika breki bado husimama katikati ya treni yake. Kuhusu reli hiyo hakuna sherehe ya kufufuliwa ya kusimulia, maana haikuachwa ikasimama.