Chonga wa minazi

Chonga wa minazi ni mbawakawa mkubwa mweusi wa jenasi *Oryctes*, adui mkubwa wa mnazi. Spishi ya pwani nzima ya Kenya ni *Oryctes monoceros*, mwenyeji wa Afrika, aliyeelezwa na Olivier mwaka 1789. Jamaa yake wa Asia, *Oryctes rhinoceros*, aliingia Samoa mwaka 1909. Huko idadi yake ilipunguzwa kwa virusi kuanzia 1967. Spishi zote mbili zina pembe moja kichwani, ndefu zaidi kwa dume. Mpevu hutoboa kichilema, yaani moyo laini wa kilele cha mnazi, usiku na kuacha nyuzi zilizotafunwa mdomoni mwa tundu. Makuti yaliyokatwa yakiwa machanga hukunjuka na mapengo ya umbo la V. Mnazi mchanga huweza kufa. Mabuu hukulia katika magogo yanayooza na samadi, kwa hiyo mnazi ulioanguka haufai kuachwa shambani.