Ukuta wa Kukhu

Nilijifunza kusoma nikiwa nimelala ubavu, kwenye nyumba ya kukhu pale Chwele. Ukuta uliokuwa kando ya kitanda ulibandikwa Taifa Leo na Daily Nation kutoka chini hadi kwenye mabati. Kukhu hakujua kusoma, kwa hivyo kurasa nyingine zilikaa kichwa chini. Mpaka leo nasoma gazeti lililopinduliwa bila shida.

Kazi ilianzia kwenye udongo. Wanawake walikandika ukuta, kisha wakausiliba kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu. Ukishakauka, walipaka uji mzito wa unga wa ngano na kubandika magazeti waliyonunua kwa kilo sokoni. Karatasi ilizuia vumbi kudondokea chakula, ikaangaza chumba chenye dirisha moja. Mende nao waliupenda ule uji balaa. Basi kila Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajafika, tabaka jipya liliwekwa juu ya lile la zamani.

Nilipohamia Nairobi nikaanza kuona aibu. Keja za marafiki zilikuwa na karatasi za ukutani zenye picha ya matofali au marumaru. Za kwetu zilikuwa na matangazo ya vifo.

Kumbe hata hizo za matofali zina ukoo wa kuigiza. Matajiri wa Ulaya walifunika kuta kwa vitambaa vya kufumwa. Wasioviweza wakabandika karatasi iliyochapwa ifanane navyo. Wengine walinyunyiza vumbi la sufu juu ya gundi ili karatasi ionekane kama mahameli. Mwaka 1712 Uingereza ikaanza kutoza kodi karatasi za ukutani zenye rangi. Watu wakafanya nini? Wakanunua karatasi tupu, wakaibandika, halafu wakaipamba wenyewe. Kodi hiyo ilifutwa 1836. Huku pwani yetu, karne hiyohiyo ya 18, matajiri wa Lamu walichonga zidaka kwenye plasta na kupanga humo vyombo vya kauri kutoka Uchina. Kila mtu alitaka mgeni akiingia, aone kitu.

Sasa niambie, kukhu alifanya nini tofauti?

Desemba iliyopita khocha alibomoa ile nyumba. Ya matofali ilikuwa tayari. Niliwahi na kisu nibandue walau ukurasa mmoja. Tabaka ziliachana kama vitunguu, na katikati nikakuta hesabu za mama za shule ya msingi, kwa penseli, pembeni mwa tangazo la sabuni. Moja ameikosa. Nilipovuta, karatasi ikatoka na udongo wake, ikapasukia mkononi. Nimebaki na kipande kisichozidi kiganja.

Jioni nikamkuta kukhu ameketi kwenye nyumba mpya, akiangalia rangi ya krimu.

"Mjukuu wangu," akasema, "huu ukuta uko uchi. Niletee kalenda."

Nilimpelekea mbili.