Giligilani Chunguni: Habari za Kilimo cha Maji na Mafunzo ya Bonde la Kilombero

Msafiri aondokaye Ifakara kwa reli kwenda Mlimba huwa na milima ya Udzungwa mkono wake wa kuume na bonde la Kilombero mkono wake wa kushoto. Mngeta imo katika njia hiyo, miguuni pa milima. Juu yake kuna misitu na vilele vipitavyo mita 2,000. Chini yake kuna nchi tambarare ambayo haizidi sana mita 250 juu ya usawa wa bahari. Maji yatokayo juu hayana budi kushuka, na yakishuka hukutana na mto Kilombero, ambao wakati wa masika huacha kingo zake ukatandaa mbugani. Kwa mgeni, nchi hiyo huonekana imezama. Kwa mwenyeji, hilo ndilo shamba.

Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya jambo dogo, nalo ni kukuza viungo vya jikoni kama mnanaa, mrehani na giligilani nyumbani, ndani ya chombo chenye maji yaliyotulia, pasipo udongo, pasipo pampu na pasipo umeme. Wataalamu huita elimu hiyo haidroponiki. Najua kwamba msomaji wa kurasa hizi hutazamia habari za tenzi, za maneno au za dola zilizopita. Namwomba anistahimilie. Historia ya ndoo ya giligilani, ikifuatwa mpaka mwisho, hutuonyesha ni akina nani waliohesabiwa kuwa wenye elimu na ni akina nani walionyimwa heshima hiyo, na Mngeta ni mahali pema pa kulitazama jambo hilo.

Tuanze mbali. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliuliza mmea hula nini. Mwaka 1648 kilichapishwa kitabu cha Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels aliyekuwa amekwisha kufa. Yeye aliupanda mche wa mti katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaunywesha maji kwa miaka 5. Mche uliokuwa na uzito wa ratili 5 ukawa mti wa ratili 169, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua kama wakia 2 tu. Akakata shauri kwamba mti wote umetokana na maji. Alipima vyema lakini alihukumu vibaya, kwa maana hakuijua sehemu ya hewa, wala hakuzitilia maanani zile wakia 2.

Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alizitilia maanani. Alikuza mnanaa katika vyombo vya maji ya namna mbalimbali: ya mvua, ya chemchemi, ya mto Thames, na mengine aliyoyachanganya na udongo wa bustani. Mmea uliokaa katika maji ya mvua, ambayo ndiyo safi kupita yote, ulikua kidogo. Uliokaa katika maji yenye udongo ulistawi zaidi. Basi akafahamu kuwa maji ni mchukuzi, na kwamba chakula cha mmea ni kitu kingine kilichoyeyuka ndani yake. Ni jambo la kupendeza kwamba elimu hii, ambayo leo ina majumba ya vioo na mitambo, ilianzia katika jani litiwalo chaini.

Katika miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikitaja chakula hicho kwa majina yake. Walikuza mimea katika maji yaliyotiwa chumvi za nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa na chuma, nayo ikaota na kuzaa bila ya punje ya udongo. Mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliitoa elimu hiyo katika maabara, akaipeleka kwa wakulima. Na mwaka 1937 jina la haidroponiki likatangazwa, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, yaani maji na kazi. Mnamo 1946, huko Kalimpong katika Bengali, J. Sholto Douglas alianza majaribio ya kuifanya kazi hiyo iwe rahisi, ili mtu asiye na mali aweze kuifanya uani kwake. Hatimaye Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliirahisisha kabisa. Katika njia yake maji hutiwa mara moja, huachwa yakatulia, na mmea huyanywa mpaka siku ya kuvunwa.

Siri ya njia hiyo ni pumzi. Mizizi nayo huvuta hewa kama sisi. Ikizamishwa yote katika maji yasiyotembea, hukosa oksijeni ikaoza. Lakini mmea unapokunywa, maji hushuka, na kati ya kifuniko na uso wa maji hubaki nafasi yenye hewa na unyevu. Mizizi ya juu hujizoeza kupumua katika nafasi hiyo, na ya chini huendelea kunywa. Kwa hiyo upungufu wa maji, ambao mtu angeudhania kuwa hatari, ndio uhai wa mmea.

Mimi sikujifunza jambo hilo kwa kusoma, ingawa nilikuwa nimelisoma. Mwaka juzi nilipanda giligilani katika ndoo barazani kwangu. Ikastawi kwa majuma matatu. Siku moja, nikiwa tayari kwa safari, niliona maji yamefika nusu ya ndoo nikaogopa. Nikaijaza hadi ukingoni kwa huruma. Niliporudi majani yalikuwa yamelegea, na mizizi imekuwa rangi ya kahawia na kutoa uvundo. Baadaye, nilipokuwa Mngeta, nilimsimulia kisa hiki mama mmoja mkulima wa mpunga. Hakustaajabu hata kidogo. Aliniita mwanangu, akanieleza kwamba mche huzoea hali uliyolelewa nayo. Maji yakipanda polepole nao hupanda pamoja nayo. Yakija kwa ghafla yakaufunika, huufisha, hata kama ni mpunga. Yale ambayo mimi niliyapata kwa kuua giligilani, yeye alikuwa nayo tangu ujana wake.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wandamba na majirani zao wa bonde hilo, yaani Wambunga, Wapogoro, Wabena na Wahehe, wameishi na maji kwa muda mrefu. Wandamba hasa ni watu wa mto. Mtumbwi kwao ulikuwa mguu, ndio uliochukua samaki na mpunga. Wakati wa kulima walihamia mbugani, wakajenga madungu juu ya nguzo, wakalinda mashamba dhidi ya ndege na wanyama huku maji yakipita chini yao. Kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Yataka mtu ajue tarehe ya gharika kwa dalili za mvua, ajue ni wapi maji hukawia na wapi hukimbia, na mbegu ipi hurefuka upesi ikaishinda gharika.

Mpunga wenyewe una hekima yake. Ndani ya shina na mizizi yake mna mianya ya hewa, ambayo kwayo oksijeni hushuka kutoka majanini hadi mizizini. Ndiyo maana husimama katika matope ambamo mahindi yangekufa. Giligilani na mrehani hazina mianya ya namna hiyo ya kutosha, na ile nafasi ya hewa ndani ya ndoo hushika mahali pake. Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Wandamba walibuni haidroponiki. Mpunga wa mbugani hula kutoka katika matope na rutuba iletwayo na mto, wala si kutoka katika chumvi zilizopimwa kwa mizani. Nasema tu kwamba swali ni lile lile, la namna ya kuupa mmea maji bila ya kuunyima pumzi. Na kwamba swali hilo lilikuwa na majibu Kilombero kabla ya kuwa na jina katika vitabu.

Je, majibu hayo yaliheshimiwa? Historia yatoa ushahidi wa huzuni. Vita vya Maji Maji vilipofika nchi hiyo, na Wapogoro na Wambunga wakalishambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, serikali ya Kijerumani ilijibu kwa bunduki na kwa moto. Mashamba na ghala zilichomwa ili njaa imalize kazi ya vita. Makadirio ya waliokufa katika nchi yote, wengi wao kwa njaa, hutofautiana kutoka watu 75,000 hadi 300,000. Taifa lile lile ambalo wanachuoni wake walikuwa wamegundua mmea hula nini lilitumia kukosa chakula kuwa silaha. Elimu na utu si ndugu wa lazima.

Baada ya hapo zilikuja zama za mipango. Katika miaka ya 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipima bonde lote la Rufiji pamoja na Kilombero. Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, na Mngeta ikafunguka. Mwaka 1986 Tanzania na Korea ya Kaskazini zilianzisha shamba kubwa la mpunga hapo Mngeta. Halikudumu hata miaka 10. Mnamo 2008 shamba hilo, lenye hekta zaidi ya 5,000, lilifufuliwa na kampuni ya Kilombero Plantations kwa ubia na Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Rufiji. Watu waliokuwa wakilima humo walihamishwa, na fidia yao ikawa jambo la mabishano marefu. Mwaka 2019 kampuni nayo ikaanguka kwa madeni. Hivyo katika muda wa maisha ya mtu mmoja, shamba lile lile limepata wenyewe zaidi ya mmoja na kuwapoteza.

Lakini haki yataka niseme na upande wa pili. Ni kampuni hiyo hiyo iliyowafundisha wakulima wadogo wa jirani kilimo shadidi cha mpunga. Njia hiyo ilitungwa Madagaska na padri Henri de Laulanié mwaka 1983. Miche hupandikizwa ikiwa michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana. Wala shamba halifurikishwi daima, bali hunyweshwa na kuachwa likapumua. Tazama basi jinsi mambo yanavyokutana! Hata mpunga, mpenda maji, huzaa vizuri zaidi mizizi yake ikipata hewa. Somo la jaruba na somo la ndoo ni somo moja.

Kwa ajili ya mwanafunzi atakaye kujaribu, nitaeleza kwa ufupi. Twaa ndoo au mtungi usiopitisha nuru, kwa kuwa nuru huotesha mwani majini. Toboa kifuniko, uweke katika tundu kikopo kilichotobolewa, chenye mchanga mnene au makumbi ya nazi, na ndani yake mche. Tia maji yenye mbolea kamili iliyoyeyuka, yafike kwenye kitako cha kikopo tu. Kisha uache. Saladi huwa tayari kwa majuma 5 au 6. Mnanaa na mrehani huchumwa kidogo kidogo. Maji yakipungua sana, ongeza kidogo, wala usijaze tena mpaka juu.

Liko sharti moja ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipitia upesi, nalo kwa Kilombero ni la kwanza: kifuniko kibane, na kila tundu lizibwe. Maji yaliyotulia ni uzazi wa mbu. Katika bonde hilo malaria imeua watoto wengi. Na ni hapo Ifakara, ambapo utafiti wa magonjwa ulianza kwa maabara ndogo mwaka 1957, palipodhihirika kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa maisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa uhai wa watoto wa Kilombero na Ulanga waliolala chini ya vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Itakuwa aibu kuotesha giligilani ya mchuzi na papo hapo kufuga homa ya mtoto.

Mtu aweza kuniuliza, ndoo yafaa nini katika nchi yenye ardhi tele? Najibu kwamba ardhi ya Mngeta si tele kwa kila mtu. Wako waliokodi, wako waliohamishwa, na wako wanawake ambao uga wa nyumba ndiyo milki yao pekee isiyobishaniwa. Ndoo haitawashibisha, nami sidai hivyo, kwa kuwa mbolea hununuliwa, na mchaichai na kivumbasi huota bure kando ya nyumba. Lakini ndoo humpa mtu mahali pa kujaribu fikira yake mwenyewe, bila ya kungoja mpango uletwe kwa reli.

Kwetu sisi wa lugha iko kazi nyingine. Tumeandika mengi juu ya maneno ya bahari, ya jahazi na ya mnazi. Maneno ya maji matamu hatujayakusanya vya kutosha: majina ya mbegu za mpunga, ya namna za gharika, ya matope na ya vidimbwi, ambayo wazee wa Kilombero wanayo katika Kindamba na katika Kiswahili chao. Katika majina hayo imo elimu ya pumzi ya mizizi, ile niliyoikosa barazani kwangu. Nawasihi wanafunzi waende wakayaandike wangali wapo wa kuyataja.